Nilijibu Kabla ya Kusoma

Siku moja ya mwezi wa tano mwaka jana, asistenti wetu wa isimu aliingia darasani na rundo la karatasi kwapani, akaliweka juu ya meza bila kutusalimu, akachukua chaki na kuandika neno moja ubaoni: tegoa. Kisha akageuka, akauliza:

“Nani kati yenu amewahi kulisikia neno hili kinywani mwa mtu?”

Hakuna aliyeinua mkono.

“Basi mmelitoa wapi? Maana karatasi sabini na moja kati ya tisini na sita zinalo.” Alitutazama safu kwa safu. “Mimi sikusahihisha karatasi tisini na sita. Nilisahihisha karatasi moja mara sabini na moja.”

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua neno lile limetoka wapi. Lilitoka kwenye simu yangu.

Tunapozungumza habari ya mwanafunzi na makundi ya mtandaoni, tumezoea kuhesabu saa: saa ngapi kwenye simu, saa ngapi kwenye kitabu. Mimi pia nilihesabu, na hesabu yangu nitaieleza hapa bila kuficha. Lakini kabla ya hesabu ningependa kueleza jinsi neno lile lilivyozaliwa, maana kwangu kilichoharibika hakikuwa saa peke yake.

Darasa letu, yaani promosio yetu, lina kundi kwenye WhatsApp. Shefu wa promosio alilifungua wiki ya kwanza ya mwaka ili kutangaza ratiba. Wakati ule tulikuwa watu 118 ndani yake, wakiwemo wachache walioacha masomo lakini wakabaki kundini kwa ajili ya urafiki. Sitaki kulisema vibaya kundi hilo, kwani limetufanyia kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anajua kwamba silabusi zinalipiwa, na kwamba si kila mmoja anazinunua zote. Anajua pia kwamba kitabu kimoja cha maktaba kinangojewa na watu ishirini. Mtu akipiga picha kurasa sita na kuzituma kundini saa tatu usiku, amewasaidia watu ambao asubuhi wangekuja mikono mitupu. Mwalimu akichelewa kurudi safarini, tunajua kabla ya kulipa nauli ya basi. Mwenzetu alipofiwa na mama yake, tulichanga pesa za kilio kwa siku mbili, na wengi kati yetu hatukuwa tumewahi hata kuzungumza naye uso kwa uso.

Mimi nilianza kujulikana humo kwa swali moja dogo. Mtu aliuliza kwa nini tunasema “kitabu changu” lakini “vitabu vyangu”. Nikamjibu kwa mistari mitatu juu ya ngeli, nikaweka mifano. Watu wakashukuru. Siku iliyofuata swali likaja kwa jina langu. Wiki ya pili mtu akaniita “Profesa”, na jina likakaa. Ndugu msomaji, kama hujawahi kuitwa Profesa na watu mia moja ukiwa na miaka ishirini na moja, huwezi kujua utamu wake. Nilianza kuishi nikingojea maswali. Simu ikitetemeka mfukoni wakati wa somo, mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Nyumbani kwetu ni Katuba. Baba ni fundi wa kushona. Mashini yake ni ya kukanyaga kwa miguu na iko barazani, kwa hiyo umeme ukikatika yeye haachi kazi. Mimi ndiye niliyekuwa naacha. Nilikuwa nasema: hakuna mwanga, sitaweza kusoma. Lakini simu ina mwanga wake, na mega za usiku ni za bei nafuu, basi nilikuwa nalala na kundi mpaka saa saba, saa nane. Mama aliniuliza usiku mmoja, amesimama mlangoni na kitenge chake mabegani:

“Unaandikiaka banani usiku muzima?”

Nikamjibu kwamba nasaidia wenzangu masomo. Na haukuwa uongo, ndiyo sababu nilisema kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Katika mwezi wa nne tulikuwa kwenye sura ya mnyambuliko wa vitenzi. Wasomaji wa kitivo hiki wanaijua vizuri, lakini nitaikumbusha kwa ufupi. Katika kauli ya kutendea, irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mzizi. Tunasema pikia, katia, fungia. Lakini tunasema endea, letea, somea. Mzizi ukiwa na i, a au u, tunapata -i-. Mzizi ukiwa na e au o, tunapata -e-. Huo ndio upatanifu wa irabu, na sehemu hiyo nilikuwa nimeisoma kwenye silabusi, kweli nimeisoma.

Jioni moja nilikuwa ndani ya basi, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo na kijana mwenye gunia, na mtu akauliza kundini: “Profesa, na kauli ya kutendua inakwendaje?” Ukurasa wa kutendua nilikuwa sijaufikia. Ulikuwa ukurasa wa nne tu mbele ya pale nilipoishia. Ningeweza kuandika “sijasoma bado”, maneno mawili. Lakini nilifikiri hivi: kama kutendea kuna i na e, basi kutendua lazima kuwe na u na o, kwa mpango uleule. Nikaandika kwa kidole gumba: “Ni sawasawa na kutendea. Mzizi ukiwa na i, a, u, weka -u-: ziba, zibua, panga, pangua, funga, fungua. Mzizi ukiwa na e au o, weka -o-: choma, chomoa.” Kabla ya kushuka Katuba nilikuwa nimeshapata mioyo kumi na miwili.

Usiku huo nikapanga maandishi hayo vizuri, nikaweka nyota na herufi nene, na juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: KAULI YA KUTENDUA. Muhtasari ule ulipata mioyo arobaini na mitatu. Watu waliunakili daftarini. Wengine waliutoa kwenye karatasi katika duka la fotokopi lililo karibu na lango la chuo, na nasikia mwenye duka aliutunza kwenye kompyuta yake kwa sababu wengi walikuwa wanauomba.

Siku ya interogasio asistenti alitupa vitenzi sita, akataka tuviweke katika kauli ya kutendua na kueleza kanuni. Viwili kati ya hivyo hatuvitumii nyumbani kwetu Lubumbashi katika kauli hiyo. Kimoja kilikuwa tega, kama mtu anavyotega mtego. Ukitaka kuuondoa mtego unautegua. Lakini sisi, kwa kuwa masikio yetu hayakuwa na neno hilo, tukafuata kanuni ya Profesa: mzizi una e, weka -o-. Tegoa. Watu sabini na mmoja, na mimi nikiwemo.

Ndiyo maana asistenti alisimama mbele ya ubao akingoja jibu. Tulipokaa kimya, alichukua chaki tena, akaandika swali la interogasio lilelile kama tulivyolipokea: “Unda kauli ya kutendua.” Akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

“Mzizi wa neno hili ni upi?”

Mtu mmoja wa mbele akasema: “Tend.”

“Irabu yake?”

“E.”

“Na baada yake pameandikwa nini? Tendoa?”

Darasa lilinyamaza. Jibu lilikuwa ndani ya swali. Lilikuwa ndani ya jina la kauli yenyewe. Kwa wiki tatu lilikuwa juu ya muhtasari wangu kwa herufi kubwa, na kati ya watu 118 hakuna aliyeliona, kuanzia mwandishi. Asistenti akatueleza kwa utulivu kwamba katika kauli hii -o- hutokea tu baada ya o: choma, chomoa, shona, shonoa. Baada ya e irabu haishuki: tenda, tendua, tega, tegua. Kutendea kuna mpango wake na kutendua kuna wake, na tofauti hiyo si ya Kiswahili peke yake. Iko katika Kibemba na katika lugha nyingine nyingi za Kibantu, na Larry Hyman aliiandikia makala ndefu mwaka 1999. Yote hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa nne mbele ya pale nilipoishia.

Nilipata nane juu ya ishirini. Lakini alama zangu si kitu nilichokusudia kulilia hapa.

Katika promosio yetu kuna mwenzetu mmoja tunayemwita yaya, kwa kuwa ametuzidi umri. Ana watoto wawili na meza ya biashara sokoni, na huja darasani siku tatu kwa wiki. Yeye hakuwahi kuandika kundini. Alikuwa anasoma tu. Baada ya somo alinifuata nje, chini ya mti, karatasi yake imekunjwa mara nne mkononi. Alikuwa na saba.

“Mudogo wangu,” akaniambia, “mi nilisoma ile yako usiku tatu. Bana wakishalala.”

Hakusema zaidi. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Niliona picha hiyo na ninaiona mpaka leo: mtu amefunga biashara jioni, amepika, amelaza watoto, kisha amechukua daftari na kukariri kwa moyo wote kitu nilichoandika ndani ya basi kati ya ndoo na gunia. Kwangu kilikuwa dakika nne, na kwake kilikuwa usiku tatu. Hesabu zetu za saa haziandiki hilo: dakika ninazotumia kundini si zangu peke yangu, na uvivu wangu unaweza kulipwa na mtu mwingine.

Siku hiyohiyo nikafanya hesabu niliyoahidi. Simu yenyewe huonyesha muda. Kwa wiki ile nilikuwa nimetumia wastani wa saa tano na dakika kumi kwa siku. Nikarudi nyuma nikahesabu ujumbe wa siku moja ya kawaida, siku isiyo ya mtihani wala ya tangazo kubwa. Zilikuwa jumbe 412. Zilizohusu masomo zilikuwa tisa. Zilizobaki zilikuwa salamu, mpira, mabishano ya nani amesema nini juu ya nani, sauti za kuchekesha, na maombi ya kutumiana mega. Na kitabu? Wiki ile nilikuwa nimekaa maktabani mara moja, saa mbili, na katika saa hizo mbili nilisoma kurasa tano.

Kurasa tano zilinitisha kuliko saa tano. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma kurasa ishirini kwa kikao kimoja bila kuinua kichwa. Sasa nikifika katikati ya aya ndefu, jicho lilikuwa linaruka kutafuta mwisho, kama vile aya ni ujumbe na mwisho wake ndio habari. Nilikuwa nimejizoeza kusoma maneno mafupi ya “slt” na “mrc”, na kichwa kilikuwa kimejifunza kwamba kila kitu kinaisha upesi. Mwanafunzi wa lugha asiyeweza kumaliza aya ndefu ni kama baba yangu akiogopa kitambaa kirefu.

Kwa aibu na hasira nikafanya kama wengi wanavyofanya. Nilijiondoa kundini. Nikafuta programu yote, nikaweka simu kwenye kabati la mama, nikajiona mtakatifu. Wiki mbili nilisoma vizuri mno. Nilimaliza silabusi ya isimu, nikasoma tena sura ile ya mnyambuliko tangu mwanzo. Jioni nilikaa barazani na daftari, nikawa namuuliza baba maneno ya kazi yake: ukikosea mshono unasemaje? Akasema anafumula. Na mlango? Unafungula. Nikaandika: kwetu ile l imebaki, ilhali Kiswahili cha vitabu kimeiacha. Baba alishangaa kwamba kazi hiyo inaitwa masomo, lakini alifurahi kuulizwa.

Kisha ikaja usiku wa Jumanne, mwezi wa sita. Baridi ilikuwa kali, mama ameleta mbabula ndani tuote moto. Saa tatu kasoro tukasikia pikipiki inasimama nje na mtu anapiga hodi. Alikuwa mwenzangu wa kikundi cha kazi ya vitendo. Tulikuwa watano katika kikundi hicho, na mimi ndiye niliyekuwa na maandishi ya mwisho, kwa kuwa nilipewa kazi ya kuyaunganisha. Siku ya kuyatoa ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa imerudishwa nyuma mpaka Jumatano saa mbili asubuhi. Tangazo lilitoka Jumatatu mchana, kundini tu.

“Tumekutafuta siku mbili,” akasema. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. “Simu yako haipatikani. Nimekuja toka Ruashi.”

Anayeijua Lubumbashi anajua Ruashi na Katuba haziko jirani, na nauli ya pikipiki usiku si ya mwanafunzi. Baba alimpa kiti karibu na moto. Tulifanya kazi mpaka saa kumi usiku, tukaandika upya kwa mkono kurasa zilizokuwa hazijapigwa chapa, kwa sababu umeme haukurudi. Saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni mwa ofisi. Kazi ilipokelewa. Lakini njiani, ndani ya basi, mwenzangu aliniambia neno ambalo sikuwa na jibu lake:

“Ulipokosea, ulikosea na sisi. Ulipotaka kusoma, ukatuacha.”

Kwa hiyo nilikuwa nimekosa mara mbili, kwa njia mbili zinazopingana. Mara ya kwanza nilikaa kundini kama vile kitabu hakipo. Mara ya pili nilikaa kitabuni kama vile watu hawapo. Tangu hapo sikubaliani na wenzangu wanaosema dawa ni kufuta tu, wala na wale wanaosema kwamba kundi lenyewe ni masomo tosha. Mwanafunzi wa chuo chetu hawezi kusoma peke yake: vitabu ni vichache, matangazo hayana njia moja, na pesa zinachangwa. Lakini pia hakuna anayeweza kusomewa. Ukurasa wa nne lazima mtu aufungue mwenyewe.

Nilirudi kundini wiki iliyofuata. Kitu cha kwanza nilichoandika kilikuwa sahihisho. Niliandika kwamba muhtasari wa kutendua ulikuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa langu, nikaweka kanuni iliyo sahihi, mifano sita, na namba ya ukurasa wa silabusi. Lilipata mioyo kumi na mmoja. Kosa lilikuwa limepata arobaini na mitatu. Nilitamani kukasirika, lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sijawahi kusoma masahihisho ya mtu yeyote kundini. Yaya nilimwendea mwenyewe, sokoni, siku ya Jumamosi. Nilikaa nyuma ya meza yake saa moja na nusu, tukapitia sura yote, na mteja akija ninanyamaza. Hata hivyo somo lile lilimlazimu kurudi sesio ya pili, mwezi wa tisa, na meza yake ilifungwa wiki mbili. Alifaulu. Siwezi kusema nilimlipa zile siku.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu. Nauandika hapa si kama amri kwa mtu, bali kwa sababu wenzangu wengi wameniuliza. Kundi nalifungua mara mbili kwa siku: mchana baada ya somo la mwisho, na saa moja jioni, kila mara kwa nusu saa. Mega za usiku sinunui tena. Nikiwa nazo najijua. Nina daftari dogo la senti chache ambalo linakaa mfukoni upande uleule ambao simu ilikuwa inakaa. Swali la kundini ambalo sijui jibu lake linaingia daftarini. Jumamosi naenda nalo maktabani, Jumapili jioni najibu, na jibu lina namba ya ukurasa ili mtu aende kuangalia mwenyewe. Mwanzoni watu walinung’unika kwamba Profesa amekuwa na kiburi. Siku hizi kuna watatu au wanne wanaojibu wenyewe kabla ya Jumapili, na mara mbili walijibu vizuri kuliko mimi. Neno “sijui bado” ninaliandika mara nyingi. Nilidhani litaniondolea jina, na kweli jina la Profesa limeanza kusahaulika. Halikuwa na mzizi, kwa hiyo lilitenduka lenyewe.

Sisemi kwamba nimeshinda. Wakati wa mechi kubwa nusu saa inakuwa saa mbili. Wiki ya delibereso mwaka jana nilikaa kundini usiku wote kama kila mtu, tukisubiri majina. Lakini kurasa zimerudi. Mwezi uliopita nilisoma kurasa kumi na nane kwa kikao kimoja, na aya ndefu haziniogopeshi.

Shefu wa promosio naye, baada ya mkasa wa pikipiki, alikubali kufungua kundi la pili ambamo yeye na msaidizi wake peke yao wanaweza kuandika. Humo mnaingia ratiba, vyumba, tarehe, na basi. Kundi hilo lina jumbe tatu au nne kwa wiki, na mtu anaweza kulisoma kwa dakika moja. La kwanza limebaki la mazungumzo, na watu wanaliingia wakijua ni la mazungumzo. Kwa walimu wetu wanaosoma kurasa hizi, ningeomba jambo moja kwa heshima: tangazo likibadilishwa, libandikwe pia kwenye valve ya kitivo, kwa karatasi, kama zamani. Kuna wenzetu ambao mega zinaisha tarehe kumi ya mwezi. Tangazo la simu peke yake linatufunga sisi wote kundini usiku na mchana kwa hofu ya kupitwa, na yule asiye na mega linamwacha nje.

Namalizia kwa jambo lililotokea mwaka huu, mwezi wa tatu. Nilikuwa maktabani. Msichana wa promosio inayotufuata alikuja akakaa mbele yangu na karatasi ya fotokopi, iliyofifia kama iliyopigwa mara nyingi. Aliniomba nimweleze kitu. Nikaitazama. Nyota zilikuwa zangu. Herufi nene zilikuwa zangu. Jina langu halikuwepo. “Mzizi ukiwa na e au o, weka -o-.” Duka la fotokopi lilikuwa linaendelea kuiuza.

Nilitaka kumwambia mara moja kwamba ni kosa, na sababu yake, na kanuni iliyo sahihi, na Kibemba, na kila kitu. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Nikakumbuka basi, ndoo na gunia. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia:

“Soma kwanza neno la juu kabisa. Lisome polepole, kwa sauti.”

Akasoma: “Kauli ya ku-tend-u-a.”

Akatazama mstari wa chini. Akatazama tena juu. Akakaa kimya muda mrefu, kidole kikiwa juu ya herufi, na mimi sikusema kitu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kalamu.